Kiwanja chetu kisikae wazi

Swali ya kwanza batu bananiulizaka ni hii: nani anawalipa? Hakuna mtu. Kila siku ya posho, ni kusema jumamosi, salongo (kazi ya pamoja ya usafi) ikiisha na batu bakishaoga, saa tisa mchana tunakutana mu kiwanja ya kartie huku Keshero, mu mji wa Goma, Kongo, bamama banajifunza kusoma na kuandika, batoto banacheza mupira, mabinti banaruka kamba, na kuko mzee mmoja seremala anafundisha vijana kuchonga magurudumu ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, na kuyavisha mupira wa tairi. Yote bure, hata franka mia hatuombi.

Mwaka wa kwanza mradi mmoja ulikuja ukaleta transpo (feza ya njia) na soda kwa kila mwenye kufika. Miezi tatu kiwanja kilijaa mpaka pa kukanyaga hapakuwa. Mradi ukaisha, na batu bakaisha nao, tukabaki na bamama sita na mupira moja ya kupasuka. Iliniuma sana. Tangu pale mimi nakataa transpo, hata kama mutu analeta na roho safi, juu yule anayekuja kwa ajili ya transpo siku haipo hatamuona mutoto wa jirani yake anangojea pale na kitabu.

Lakini sababu kubwa yenye inanifanya niandike ni ingine. Hapa Goma nafasi ikikaa wazi misimu miwili ya mvua, inaliwa. Mutu anaanza na mahindi kidogo, kisha rundo ya mawe, kisha kanyumba ka mbao, na siku munamuuliza, tayari anatoa karatasi. Kiwanja nilichochezea nikiwa mutoto kiliisha vile: siku ya Mungu moja tulikuta mawe ya volkano yamepangwa pembeni, siku ya Mungu ya pili ukuta ulifika ku kifua. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yenye inatumikia batu wote haiwezi kupewa mutu kama serikali haijaitoa rasmi kwa ile kazi. Ni sheria nzuri, lakini nani atasema kiwanja kinatumikia batu kama kila siku kiko na mbuzi mbili tu?

Ndiyo maana tuko na daftari. Kila posho tunaandika tarehe, majina, kazi iliyofanyika. Mwaka uliopita bwana mmoja alikuja na mita na vijana wawili wa kubeba vigingi. Bamama balikuwa bamekaa mbele ya ubao, na mama mmoja muuza makala ya kupikia alikuwa anaandika jina lake peke yake kwa mara ya kwanza, vidole vyeusi, chaki imevunjika mara mbili, herufi ya mwisho imeshuka chini kabisa. Hakuna aliyesimama. Shefu wa avenyu alichukua daftari akalifungua mbele ya yule bwana, ukurasa kwa ukurasa, bila kelele. Bwana alikunja mita. Mama naye akamaliza jina lake.

Na wenye banataka kuanza upande wao, haswa huku magharibi ya mji, muangalie mazuku kwanza, ile gazi ya sumu yenye inatoka mu udongo. Ile gazi ni nzito kuliko hewa, inalala mu mashimo, inazidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo haupo, na mutoto ndiye mufupi, ndiye inamufikia mbele. Sisi tunakaa upande wa juu, mchana tu, na shimo la ku kona tulilizungushia mawe: mupira ikiingia mule, imepotea, hakuna mutoto anashuka.

Posho hii tuko pale, kama mvua haitatuzuia. Chaki zimebaki nne.