Kuufunga Novemba? Hapana
Kuna wawindaji Wisconsin, jimbo la Marekani, wanaotaka msimu wa upinde wa kifyatulio ufupishwe, ufungwe Novemba. Mimi nawinda kulungu huko kwa upinde wa kuvuta kwa mkono, na nawaelewa. Ule mwingine ukishategwa unakaa umetegwa, unalenga kama bunduki. Sisi tunavuta kamba mnyama yuko hatua ishirini, pumzi tumebana. Akishtuka, basi, unarudi na chupa yako ya chai.

Lakini kuufunga Novemba, madume wanapowafukuza majike mchana kweupe? Hapana. Kabla ya 2014 ulikuwa wa wenye miaka 65 na zaidi na walemavu tu. Jirani yangu ana miaka 58 na bega bovu, akae sebuleni? Kama hofu ni madume kuisha kabla ya msimu wa bunduki, semeni wazi, maana hapo hata sisi wa kamba tumo.