Roboti Amekwama, Nami Nimekwama Naye

Jana saa tano usiku nilikuwa mezani, miwani puani, jasho kwapani, na mkononi nimeshika kitu ambacho si roboti wala si lori. Kichwa kimetoka, magurudumu yameota mabegani, mguu mmoja umenyooka na mwingine umejikunja kama wa kuku aliyelala. Nilikuwa nimefika hatua ya kumi na tisa ya kumgeuza mdoli wangu mpya kutoka roboti kuwa lori. Hatua ziko thelathini na nne. Nilianza taarifa ya habari ilipokwisha.

Nijieleze kwanza, msije mkaniita mtu mzima hovyo. Nilipokuwa mtoto nilikuwa na lori jekundu lililogeuka roboti, na mliokuwa na macho miaka ile mnamjua: Optimus Prime. Kampuni ya midoli ya Hasbro ya Marekani ilimleta madukani mwaka 1984 pamoja na wenzake wa Transformers, roboti wanaogeuka magari na vitu vingine, ila kwa kuzaliwa alikuwa Mjapani. Kampuni ya Takara ya huko ilikuwa imeshamtengeneza kabla ya hapo kwenye midoli yao ya Diaclone, na huko hakuwa shujaa wala hakuwa na roho. Lilikuwa gari la kuendeshwa na mtu. Ndiyo maana yule wa zamani ukimfungua kifua unakuta nafasi ya dereva. Walipompa jina jipya na vita vyake, dereva akaachishwa kazi, kiti kikabaki. Mimi nilikuwa nikimpakia sisimizi. Hakuna aliyekaa.

Kumgeuza yule ilikuwa kazi ya pumzi moja. Nyoosha miguu, toa mikono, inua kichwa, chomeka ngumi. Ungeweza kufanya huku unakimbia. Kweli, akishasimama hakuwa na mengi: kichwa hakigeuki, mwendo wake ni wa mtu aliyefungwa kwenye gunia, vita vyote anapigana kwa kumwangukia adui. Lakini alikuwa na uzito wa chuma, matairi ya mpira, na ukimwangusha unapata hofu kuhusu sakafu, si kuhusu yeye.

Udhaifu wake ulikuwa ngumi. Zilikuwa vipande viwili vya pembeni, vidogo kama punje, vya kuchomeka na kuchomoa. Ya kushoto ilipotea siku ya pili. Aliongoza majeshi miaka mitatu akiwa na kifuniko cha kalamu.

Sasa huyu mpya. Kampuni iliyomtengeneza sitaitaja, na yenyewe haikuthubutu kumtaja yeye: kwenye boksi ameandikwa jina la kubuni, maana jina lenyewe lina wenyewe. Ni kama kumwona jirani yako amevaa miwani myeusi akitumaini humtambui.

Nisiwe mchoyo wa sifa, ni mzuri. Kiuno kinazunguka, kifundo cha mguu kinalala ubavu ili asimame amepanua miguu bila kuanguka, vidole vinafunguka kimoja kimoja. Anaweza kunyoosha kidole na kukulaumu. Nimemweka akinilaumu mimi, ilimfaa.

Ila kumgeuza! Tatizo, kwa jinsi ninavyoliona, lilianza watu walipotaka roboti afanane na yule wa kwenye katuni badala ya yule wa kwenye boksi. Tangu Masterpiece ya kwanza, midoli ya Transformers ya watu wazima wanaokusanya, ilipotoka mwaka 2003, wanaotengeneza upya wamekuwa wakishindana kuficha kila kitu. Mchoraji wa katuni hakuwa na shida. Magurudumu yakimsumbua anaacha kuyachora. Trela nzima ilikuwa ikienda kando, ikayeyuka hewani, na hakuna aliyeuliza. Fundi wa midoli hana pa kuyeyushia. Kila gurudumu lazima liingie mahali, kwa hiyo kuna kibao kinachofunika kibao kinachosukuma kibao kingine, mgongoni amekunjwa kama shuka lililowekwa kabatini na mtu mwenye hasira. Wa zamani alikuwa lori linalokubali kusimama. Huyu ni roboti aliyelazimishwa kujifanya lori, na anapinga kila hatua.

Kijitabu cha maelekezo hakina neno. Ni picha za kijivu juu ya kijivu, na mishale. Mshale mmoja unaelekeza ndani, mwingine unaelekeza nje, na wote wawili wanasema kuhusu mkono uleule. Halafu kuna ile sauti. Wapenzi wa vitu hivi mnaijua. Unasukuma kibao kidogo, hakiendi, unasukuma tena, kinasema *kak*. *Kak* ina maana mbili: kimeingia mahali pake, au umekivunja. Unabaki umeshika pumzi hujui upongezwe au upewe pole.

Bega lake la kulia lilikuwa limelegea, likabeba bunduki sekunde tatu kisha likasalimu amri. Kwa hili nina dawa, nawapa bure: rangi ya kucha isiyo na rangi. Tone moja kwenye goroli la kiungo, zungushazungusha, acha ikauke kabisa, kinakaza. Mama watoto bado anashangaa chupa yake inaisha vipi.

Baadhi ya roboti hawa wa Transformers wamebadilishwa hata kazi. Megatron, adui mkuu wa Optimus, yule wa mwaka 1984 alikuwa akigeuka bastola, Walther P38, wala si mzaha, ilifanana kabisa. Leo mara nyingi wanamfanya kifaru cha vita, kwa sababu mdoli unaofanana na bastola ya kweli huleta balaa. Hapo siwalaumu. Na mwaka 2021 alitoka Optimus wa umeme anayejigeuza mwenyewe ukimwamuru kwa sauti. Anajigeuza yeye! Sasa mimi nikae pembeni nifanye nini, nimpigie makofi?

Basi, saa sita na nusu nikafika hatua ya thelathini na nne. Ni lori. Lina ufa katikati unaopitisha kidole, lakini ni lori. Nikalisukuma juu ya meza. Halikwenda. Gurudumu moja halifiki chini, linaelea. Wa zamani angeshafika ukutani na kurudi.

Nikaamua kumrudisha kuwa roboti ili nilale kwa heshima. Huyu wa kisasa ngumi zake zinakunjwa ndani ya mkono, hazichomoki, hazipotei. Nililipongeza hilo kwa sauti. Sikuwa nimeona kwamba kwenye boksi kuna jozi nyingine ya mikono ya ziada, iliyokwisha kukunja ngumi, kwa ajili ya picha. Nikachomoa ile ya kwanza. Nikachomeka ya kulia. Nikaichukua ya kushoto, ikaniponyoka, ikagonga ukingo wa meza mara moja, *ti*, ikanyamaza.

Nilikuwa nimelala kifudifudi na tochi ya simu mdomoni mama watoto alipotokea mlangoni.

"Baba, unatafuta nini chini ya kochi saa saba usiku?"

"Ngumi."

"Ya nani?"

Nikamwambia. Akaniangalia kidogo, akazima taa, akarudi kulala.