Chapati ya Asilimia 164

Niwahi kusema ukweli kabla toleo la rafiki yangu, eti nililia mkutanoni, halijafika Malindi. Sikulia. Lile lilikuwa jasho. Chumba kimoja Majengo, saa nane mchana, watu ishirini na watano, feni moja. Wewe ungebaki mkavu?

Jana ilikuwa mkutano wa chama. Mimi ndiye katibu, na katibu mwenye laptopu ni balaa. Wiki iliyopita niliwauliza wanachama tuifanyie nini akiba yetu: tuktuk, hema na viti vya kukodisha, ploti Mtwapa, au masufuria ya pilau. Kwa upole wangu nikaongeza, mtu achague hata zaidi ya moja. (Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, wekeni alama.)

Ningeyasoma majibu kwa mdomo yakaisha. Lakini nilitaka rangi! Nikachora chati ya duara, nikailaza kidogo ionekane nene kama keki ya harusi, nikaimulika kwa projekta ya kuazima juu ya shuka la nyanya. Shuka lenyewe lina maua. Feni likivuma, duara linapumua.

"Tuktuk, asilimia 60," nikatangaza, sauti ya taarifa ya habari.

Mama anayetuuzia mahamri akainua mkono. Taratibu. Nauona mpaka sasa, una bangili tatu.

"Mwanangu, sitini si imepita nusu?"

"Imepita, mama."

"Mbona hicho kipande cha tuktuk hata nusu ya chapati hakijafika?"

Nikageuka. Wallahi, kilikuwa theluthi na ushee. Nikafungua kinywa, ukatoka upepo. Yeye keshaanza na vidole. "Sitini, na arubaini na nne za hema, mia na nne. Chapati ishakwisha hiyo. Ploti arubaini. Masufuria ishirini." Akanyamaza. Wote wakanyamaza. Feni: kwi, kwi, kwi. Duara likavuta pumzi.

"Mia na sitini na nne. Hizi za juu umezikata kwa jirani?"

Mzee mmoja alicheka hadi kofia ikamdondoka kwenye sinia ya kaimati. Hajatulia, wale wa ploti wakaruka: "Tumewapita hema!" Hawakuwapita, arobaini haijawahi kuishinda arobaini na nne. Ni kule kuilaza chati, kipande cha mbele kikavimba.

Duara ni la kitu kimoja kilichogawanywa, vipande vikijumlishwa viwe mia basi. Mtu akichagua viwili, unachora nguzo, kila moja isimame peke yake. Nalijua hilo! Tena William Playfair, Mskoti aliyechapisha chati ya duara mwaka 1801, nguzo alishazichora 1786. Dawa ilitangulia ugonjwa miaka 15, na mimi bado nikaugua.

Basi nguzo nikazichora kwa chaki mlangoni, tuktuk ikapita, dua ikasomwa, nikatoka kwa mlango wa uani.

Leo asubuhi nimeenda kununua mahamri kumi. Mama hakusema kitu. Aliyapanga juu ya gazeti, matano huku, matano kule, yakasimama nguzo mbili, kisha akanitazama.

"Chunga yasizidi, mwanangu."