Ukungu mmoja, majina mawili: nani aamue mpaka wa spishi za kuvu?

Ukungu wa kijani unaoota kwenye mahindi yaliyoingizwa stoo kabla hayajakauka sawasawa mara nyingi ni Aspergillus flavus. Huo ni mmoja wa watengenezaji wakuu wa sumukuvu, sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Japani nako kuna Aspergillus oryzae, ukungu wa kuchachushia soya na mchele, na watu wameutumia kwa karne nyingi bila shida. Vitabuni hizo ni spishi mbili. Vinasaba vinasema vingine: oryzae inaangukia ndani ya ukoo wa flavus. Ni flavus iliyofugwa, ikachaguliwa kizazi baada ya kizazi mpaka ikaacha kutengeneza sumu.

Wataalamu wameyabakiza majina yote mawili, na sababu kubwa si ya maabara. Kiwanda cha mchuzi wa soya kitauzaje bidhaa yenye jina la ukungu wa sumu? Wapo wanaoiona hoja hiyo kuwa ya kibiashara tu. Mimi naona ina uzito, ila kwanza tutazame mipaka hii huchorwaje.

Njia ya zamani ni umbo: rangi, mpangilio wa spora, sura chini ya hadubini. Ni rahisi, na maabara yoyote Dar yenye hadubini nzuri inaimudu. Lakini kuvu haina viungo vingi vya kulinganisha. Mbili zisizo na undugu wa karibu huweza kufanana, na moja ikabadilika sura kwa kubadilishiwa chakula tu. Zaidi ya hapo, kuvu moja inaweza kuwa na umbo la kuzaana kwa kupandana na jingine la kujizalia yenyewe, na kwa miaka mingi kila umbo liliruhusiwa kuwa na jina lake. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2011 kwenye mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Melbourne, Australia.

Kipimo cha pili, kwamba wanaopandana na kupata watoto wenye rutuba ni spishi moja, kinafaa kwa ng'ombe na kuku. Kuvu nyingi hazijawahi kuonekana zikipandana. Nyingine zina mambo yake: Schizophyllum commune, kile kiuyoga cheupe kama feni kinachoota kwenye magogo makavu, kina zaidi ya jinsi 20,000 za kupandana. Walimu wa baiolojia wana kazi.

Tangu mwaka 2000 uzito umehamia kwenye vinasaba. Husomwa jeni kadhaa kwa pamoja: zikikubaliana kuhusu nani ametengana na nani, hapo pana mpaka, zikipingana, ina maana watu wa ukoo huo bado wanachanganya damu. Mwaka 2012 kipande cha vinasaba kiitwacho ITS kilipendekezwa rasmi kuwa alama ya kutambulishia kuvu zote. Kwa Aspergillus na Fusarium, ambazo ndizo zinazotusumbua kwenye nafaka, ITS peke yake haitoshi kutenganisha ndugu wa karibu.

Ugomvi mkali unaanzia hapa, kwa sababu vinasaba ukivichambua zaidi utapata mgawanyiko zaidi. Chukua Cryptococcus, kuvu inayosababisha homa ya uti wa mgongo kwa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka. Mwaka 2015 kundi la watafiti lilipendekeza spishi mbili, neoformans na gattii, zigawanywe ziwe saba. Wenzao wakapinga mwaka 2017: wakisema ni mapema mno, madaktari watachanganyikiwa, bora zote ziitwe tu kundi la spishi. Ukitazama kutoka kliniki ya CTC, ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, hapa mjini, wapingaji wana haki. Kipimo cha haraka cha CrAg, kinachotafuta alama za Cryptococcus mwilini, kinasema ipo au haipo, hakitenganishi hata hizo mbili, na dawa ni zilezile.

Wagawaji nao wana jibu. Gattii yenyewe ilitambuliwa kuwa spishi kamili mwaka 2002 tu, na kuitenga kulisaidia kuona wazi kwamba huwapata pia watu wasio na tatizo la kinga. Bila jina, tofauti kama hiyo hufukiwa kwenye takwimu za jumla. Kwa hiyo sikubali kwamba kugawa ni usumbufu mtupu. Ninachotaka ni mgawaji aonyeshe jina jipya linabadilisha nini.

Kuna na hili la spishi zisizo na mwili. Kuvu zilizopewa majina ni kama 150,000, wakati makadirio ya mwaka 2017 yanataja kati ya milioni 2.2 na 3.8. Nyingi zinajulikana kwa mfuatano wa vinasaba uliookotwa kwenye udongo au maji tu. Kwenye mkutano wao wa San Juan, Puerto Rico, mwaka 2018, wanasayansi wa kuvu walikataa mfuatano huo utoshe kuwa msingi wa jina rasmi. Lazima pawe na sampuli iliyohifadhiwa. Walioshindwa wanasema kisicho na jina hakiingii kwenye orodha za uhifadhi, na msitu kama Pugu utapotea na kuvu zake kabla mtu hajaziotesha. Inauma, lakini nawaunga mkono waliokataa. Mfuatano huwezi kuupandikiza kwenye hindi uone kama unatoa sumu.

Na sumu hiyo haifuati mpaka wa spishi. Dawa ya Aflasafe inayomwagwa mashambani nchini imetengenezwa kwa Aspergillus flavus za hapahapa zisizo na sumu, ili ziwahi nafasi ya zile zenye sumu. Jina ni lilelile, mkulima ananunua moja na kuogopa nyingine. Oryzae naiachia jina lake kwa ajili ya historia ndefu ya mezani, lakini nisingependa kila flavus mpole ipewe la kwake. Anayekagua unga wa sembe hatafuti jina la ukungu. Anapima sumu yenyewe, na kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 10 kwa kilo.