Palizi ya minazi: dawa, jembe au fyekeo?

Kwenye minazi watu wamegawanyika, huyu anakwambia piga dawa umalize, yule anasema jembe tu, na mi naona wote wanakosea hesabu mwanzoni kabisa maana wanawaza kusafisha shamba zima. Chukua minazi ya mita 9 kwa 9, ekari inaingia kama 50. Ukisafisha kisahani, yaani duara la mita 2 kutoka shinani kila upande, umepalilia kama asilimia 15 tu ya ekari, na mizizi mingi inayolisha mti iko humo humo. Kwingine kote fyeka, basi.

Watu wa dawa wana hoja lakini, tena nzito. Vibarua wamekuwa wa kutafuta, na kuna majani kama Imperata ambayo ukifyeka leo baada ya wiki mbili yamerudi, chimba uone, mizizi myeupe mirefu yenye ncha kama sindano, kila kipande ulichokata na jembe kinaota upya. Hapo glaifoseti, dawa ya kuua majani, inafika mpaka mizizini, jembe halifiki. Shida ni miche, makuti yake yako chini, upepo kidogo tu dawa imetua kwenye jani changa la katikati na umeumiza mti ambao ungekuzalia miaka 60. Na afya pia jamani, mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka glaifoseti kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, mamlaka nyingine kama EPA, ile ya mazingira ya Marekani, hazikubaliani, ila mwenye bomba mgongoni bila glavu wala buti ndo anayebeba huo ubishi mwilini.

Halafu kitu ambacho wengi hawakijui, shamba jeupe kabisa linawaumiza sisimizi maji moto wanaolinda vidaka dhidi ya kunguni wanaofyonza, maana ardhi tupu inawapa nguvu sisimizi wengine wa chini wanaowafukuza.

Mikunde inayotambaa kama pueraria inafunika vizuri na kuongeza naitrojeni ila inapanda miche, lazima uikate kwenye kisahani mara kwa mara. Ng'ombe nao sawa, mradi makuti yamepita urefu wa midomo yao.

Kwangu mi dawa ni ya Imperata tu, madoa madoa, asubuhi kumetulia, kisha panda mikunde hapo hapo. Hela nyingine yote weka kwenye visahani miaka 5 ya kwanza, baadaye makuti yakikutana kivuli kinapunguza majani chenyewe.