Mbele mapokezi, nyuma choo

Wakuu, najua wengi mmeshaiona ile status ya swahiba wangu wa upande wa stika, inayodai nilikimbia siku ya kutundika vibao vya zahanati. Picha ni ya kweli. Maelezo ya chini yake ni uongo: sikukimbia. Nilishuka ngazi vizuri tu, halafu nikatembea kwa haraka. Acheni niseme mwenyewe kabla hajarusha sehemu ya pili.

Kazi yenyewe ilikuwa vibao 8 vya kuning'iniza, vya zahanati moja huko Mbagala, kila kimoja maneno pande zote mbili. Bodi ya PVC (plastiki ngumu) ya unene wa milimita 5, futi 4 kwa 8, vibao vyote vinaenea humo: safu nne za wima, mistari miwili ya mlalo. Unalaza bodi kwenye mashine ya kuchapia ya UV, unachapa, taa inakausha wino hapohapo, unageuza, unachapa upande wa pili, unakata. Ukiisikia hivyo unaona hata mpwa wako anaweza.

Kinachoua watu ni pande kupishana. Bodi inauzwa kama ya urefu wa milimita 2440, ukiipima unakuta 2443. Ukiigeuza kama ukurasa wa daftari, ukingo uliokuwa kulia ndio unakuja kuegemea vizuizi vya kushoto vya mashine, na zile milimita 3 zinahamia kwenye kazi yako. Bosi alishasema bodi itakayopishana ataikata kwenye mshahara wangu. Basi siku hiyo nilikuwa mtu mwingine. Nilipima kwa futi mara tatu. Nikapunguza kingo hadi pembe zikakaa mraba. Nikaziba kwa seloteipu matundu ya kitanda cha mashine yaliyobaki wazi, ili pampu ivute bodi ilale bapa. Nikachukua bodi ya majaribio, nikachapa visanduku vinane vitupu mbele na nyuma, nikatoboa kona kwa drili. Tundu limeingia kwenye kona huku, limetokea kwenye kona kule. Nikapiga picha, nikaitupia kwenye grupu la mafundi na maneno "Njooni mjifunze."

Hayo maneno bado yapo kule. Nimejaribu kuyafuta, muda umepita.

Waliozoea kazi hii nadhani wameshashika kichwa. Visanduku vilikuwa vitupu! Siku ya kazi yenyewe nikachapa mbele, nikageuza bodi, nikafungua faili lilelile, nikabonyeza. Na bodi ukiigeuza hivyo, safu ya kwanza inakwenda kuwa ya nne, ya pili inakuwa ya tatu. Sikuona, kwa sababu bodi ikilala unasoma upande mmoja. Tukakata tukisoma upande mmoja. Tukatoboa matundu ya minyororo tukisoma upande uleule.

Jumatatu asubuhi niko juu ya ngazi, nakaza mnyororo wa kibao cha mwisho, MAPOKEZI. Mabenchi yamejaa wagonjwa. Mzee mmoja wa kanzu anatokea upande wa maabara, mkononi ana kichupa cha kupimia mkojo. Anakuja taratibu. Anasimama. Anainua macho, mimi nikajua ananitazama mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Midomo inacheza, anasoma. Anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Anazunguka meza ya mapokezi. Anampita dada wa mafaili, anamwambia "samahani, binti." Anafika kwenye kona ya kabati, anageukia ukuta, anaweka kichupa vizuri mkono wa kushoto, wa kulia unaanza kukusanya kanzu kutoka chini.

"Mzee! Mzee! Mzee! Siyo hapo!"

Mzee wala hakushtuka. Aligeuza shingo tu. "Binti, si mmeandika wenyewe?"

Akanyoosha kidole. Mabenchi yote yakafuata kidole. Mimi nilikuwa upande wa mbele wa kibao, kwa hiyo nilikuwa mtu pekee pale ndani asiyejua. Nikainama, nikapitisha shingo chini yake kama mbuzi anayechungulia jiko la watu, nikasoma kichwa chini.

CHOO.

Herufi zimekaa katikati, jamani. Haikupotea hata nusu milimita.

Nikashuka, nikatazama korido nzima kutokea ndani. Nyuma ya MAABARA, DAWA. Nyuma ya SINDANO, USHAURI NASAHA. Nyuma ya DAKTARI, MALIPO, na hapo kwa kweli sidhani kama tulimdanganya mtu. Kumbukeni swahiba ndiye aliyekuwa ameshika ngazi yangu. Aliiachia ili ashike simu.

Yaliyobaki ni mafupi. Mganga mfawidhi aliniita ofisini, ya humo yabaki humo. Bodi mpya ikatoka mfukoni mwangu, faili la nyuma nikalipanga kinyume safu kwa safu, nikasoma kila kibao kwa sauti mbele na nyuma kama mtoto wa darasa la kwanza, jioni vyote viko juu.

Ila kibao cha DAWA kina mshale. Mbele unaelekeza kulia, kwenye dirisha la dawa. Nyuma nao unaelekeza kulia, getini. Hili swahiba bado hajalijua, na ninyi hamjalisikia kwangu. Kesho alfajiri nakwenda na stika mfukoni, kabla mzee yule hajarudi kuchukua majibu.