Fuateni Mwanga

Mwezi wa saba Dodoma, mtu akikuambia upepo utatulia jioni, usimwamini. Mimi niliamini, na ndiyo maana nikajikuta nimefunga mnara wa taa kwenye pikapu ya watu.

Lilikuwa igizo la usiku mmoja, Nzuguni, kwenye uwanja mtupu: jukwaa la mbao, turubai nyuma, viti vya plastiki vya kukodi. Taa zilikuwa kazi yangu. Umeme niliupigia hesabu mpaka nikajiona injinia. Taa 4 za wati 1000, gawanya kwa volti 230, ni ampea 17 na ushee. Soketi ya ampea 13 ingeyeyuka kama samli. Nikavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye jenereta, nikaukata kwa kipimo ili hela isipotee. Kila taa nikaipitishia mnyororo wa usalama, klempu ikiachia isimshukie mtu utosini. Nani angenisema?

Mnara wenyewe ni skafoldi ya magurudumu niliyoazima kwa fundi rangi. Breki zilishakufa. Ile miguu ya kutanua pembeni ili usipinduke aliiacha saiti.

"Weka mawe tu, dada."

Nikaweka mawe. Upepo ukaja, mnara ukacheza. Nikajaribu vigingi, ardhi ya kiangazi kule ukiigonga, nyundo inakurudia usoni. Nyuma yangu kulikuwa na pikapu imejaa simenti, imetulia kama mlima. Nikafunga kamba kwenye ndoano yake. Fundo zuri, hata picha nilipiga.

Waigizaji nao niliwakaririsha wiki nzima: "Fuateni mwanga. Nje ya mwanga hakuna mtu."

Tukafika pale mtemi anapokata roho. Nimezima zote, nimebakiza taa moja, duara la njano usoni mwake. Watu kimya. Sasa mgeni rasmi, kama kawaida yao, alikuwa na kikao kingine, na pikapu ilikuwa imeziba njia ya gari lake. Mzee mwenye pikapu akanong'onezwa aisogeze. Muungwana yule hakutaka kutuharibia. Akaweka gia ya kwanza, polepole, bila hata kuwasha taa.

Mawe yakachomoka. Ubao wa swichi ukanitoka mkononi. Nikaudaka mnara, ukaniburuza, kandambili zikabaki njiani.

Kule mbele duara likaanza kurudi nyuma. Likamtoka mtemi usoni, likashuka kifuani. Akajisogeza. Likafika ukingo wa jukwaa. Akatambaa, huku anausia: "Wanangu... msigombanie... ng'ombe..." Duara likashuka chini, mtemi akaanguka nalo, pu! Akaendelea kufa kwenye vumbi, kwa viwiko, hadi safu ya kwanza, akajitupa pale mwanga ulipokuwa: magotini kwa mgeni rasmi.

Hapo waya wangu wa kipimo ukafika mwisho. Plagi ikachomoka. Giza.

"Wanangu..."

"Mimi si mwanao. Niachie mguu."

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mimi nimelala chini, bado nimekumbatia bomba, nikasikia mlango wa pikapu unafunguliwa na miguu inakuja taratibu gizani.

"Mbukwa," akanisalimia mzee kwa Kigogo. "Nani kanifungia ng'ombe?"